Bibie, Unanisikia?

Sauti ya marehemu ilisikika kwa mara ya kwanza siku ya Jumanne, saa kumi jioni, vyombo vya mchana vikiwa vimeshaoshwa. Enzi za uhai wake alikuwa fundi wa redio, na kama mafundi wote alipenda sana kumwambia mteja "njoo kesho". Kwa hiyo mtaani hakuna aliyeshangaa kwamba ilimchukua miezi minne kurudi.

Aliyemnasa ni mjane wake, Mama Fundi. Alikuwa amemsikia bwana mmoja mwenye sauti nzito, kwenye kipindi cha redio, akieleza kwamba wafu husema, ila masikio yetu hayafiki huko waliko, mashine hufika. Weka kinasa sauti kwenye chumba kitulivu, alisema yule bwana, uliza swali, kaa kimya, halafu rudisha utepe usikilize. Mama Fundi alifuta mikono kwenye gauni, akaingia chumba cha mbele, akaiteremsha rafuni redio kaseti ya mumewe, ile iliyokatika mpini, na kaseti yake ikiwa bado mumo humo ndani. Akabonyeza kitufe chekundu.

Binti yake alirudi kutoka kununua vioo vya simu akamkuta ameketi kwenye stuli ya wateja, macho mekundu, mdomo unacheka.

"Mama, kuna nini? Nani kafa?"

"Aliyekufa ni yule yule. Weka mzigo, ukae."

Binti akakaa. Yeye mtaa ulimwita Fundi Mdogo, ingawa alikuwa na miaka ishirini na minane na mwili wa kujaza mlango. Alirithi meza ya baba yake, taa yake ya kuinamisha na bisibisi zake zote. Redio tu ndizo hazikumfuata, maana siku hizi watu walileta simu. Mama yake akabonyeza. Kwanza ilitoka sauti ya mama mwenyewe, ya kunyenyekea kama mtu aliyesimama mlangoni kwa watu: "Baba watoto, upo?" Ukafuata mchakaricho mrefu, kama mvua juu ya bati la nyumba ya mbali. Halafu chini kabisa ya ile mvua, mtu akasema kama aliyelalia mto wa kitanda:

"...Bibie... unanisikia?"

Fundi Mdogo alizijua simu nje ndani, lakini nywele za mikono yake mwenyewe hakujua azifanyeje.

Bibie. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyemwita mama hivyo. Kwa miaka thelathini, kila mashine aliyoitengeneza aliijaribu kwa njia moja: hubonyeza kitufe chekundu na kusema, "Moja, mbili, tatu. Bibie, unanisikia?" Naye mkewe huitikia kutoka jikoni. Akiitikia kwa hasira, hurekodi mara ya pili, eti ile ya kwanza imepasuka.

Asiyejua kitu angesema palepale: hiyo ni sauti ya zamani imebaki kwenye utepe. Lakini Fundi Mdogo alijua kitu, na hicho ndicho kilichomponza. Baba alimfundisha akiwa wa kufika kiunoni kwamba ndani ya redio kaseti mna vichwa viwili vidogo vya chuma. Cha kwanza ni kifutio, cha pili ndicho mwandishi. Utepe ukipita, kifutio husafisha kwanza, ndipo mwandishi aandike. Hakibaki kitu. Akayageuza mambo kichwani mwake mara mbili, mara tatu, hakupata pa kutokea. Akaamini.

"Ni baba," alisema.

"Mimi nilidhani ni diwani," alisema mama yake, akalia sasa vizuri.

*

Siri ilikaa ndani ya nyumba siku moja na nusu, na hata hiyo nusu ni kwa kuwa jirani yao mshonaji alikuwa na harusi ya kushonea. Mshonaji huyu mtaa mzima ulimwita Sindano, na si kwa sababu ya cherehani. Alikuja kuomba mkasi, akaondoka bila mkasi lakini na habari. Saa kumi ya kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye stuli. Alisikiliza amefumba macho, mkono kifuani.

"Shoga yangu," alisema, "usinichukie. Huyo si mumeo."

"Ni nani basi?"

"Ni wangu. Sikia anavyovuta pumzi. Miaka sita nimelala bila pumzi hiyo. Na yeye ndiye aliyekuwa akiniita Bibie."

"Mumeo alikuwa akikuita 'wewe'. Mtaa mzima tulikuwa tunasikia."

"Hadharani! Chumbani nilikuwa Bibie."

Walitazamana, wanawake wawili wazima, wakigombea mume asiyeweza hata kuinua kijiko. Mama Fundi alikuwa na jibu tayari kwenye ncha ya ulimi, tena lenye pilipili, lakini aliona kidevu cha Sindano kinatetemeka, akalimeza. "Haya, jaribu wewe. Uliza mwenyewe."

Sindano akabonyeza, akauliza, akasubiri. Aliporudisha utepe, sauti ikaja ileile, na yeye akaanguka kifudifudi juu ya meza ya vioo vya simu akalia kwa kwikwi, mpaka Fundi Mdogo ikabidi aondoe misumari midogo isije ikamchoma usoni.

Baada ya hapo nani angemfungia nani mlango? Walikuja. Walikuja na wafu wao, mmoja mmoja, wakikaa kwenye stuli wakirekebisha vitambaa vya kichwa kama wanapigwa picha. Akaja hata Mama Mayai, anayezungusha mayai kwenye ndoo ya plastiki, ambaye mumewe hakufa. Aliaga kwenda kununua betri za tochi, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

"Mimi nataka kujua tu," alisema. "Akisema humo, basi kafa, nijue moja. Asiposema, bado namdai maelezo."

Akauliza kwa ukali: "Wewe! Upo huko?" Utepe ukarudi. Mvua, mvua, halafu "...unanisikia?" Mama Mayai aliikumbatia ndoo yake mapajani. Alikuwa amejiandaa kufurahi.

"Maskini," alisema mwisho. "Na betri hakuzipata." Akafunga kitambaa cheusi kichwani tangu siku hiyo.

Wateja wa simu walianza kupungua bila kuaga. Mwalimu wa hesabu, aliyeleta simu isiyopeleka sauti, alifika jioni moja akasikia kutoka ndani, "Kama upo, baba, sema neno moja," akasimama mlangoni mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Nipe simu yangu, Fundi."

"Mwalimu, sijaifungua bado. Kesho itakuwa tayari."

"Hapana. Ina namba za wazazi wa watoto. Siwezi kuiacha mahali penye msongamano."

"Msongamano gani? Ofisini niko peke yangu."

"Hiyo ndiyo shida," alisema mwalimu akiangalia pembe za dari. "Naona uko peke yako."

Akaipokea simu kwa ncha za vidole, akaipangusa kwenye shati kabla ya kuitia mfukoni. Fundi Mdogo aliyekuwa akisifiwa mkono hadi mtaa wa tatu alibaki ameshika kikaratasi chenye jina la mteja, hajui akichane au akiweke. Hakumwambia mama yake. Tangu mazishi, ilikuwa mara ya kwanza kumwona anakula sahani akamaliza.

*

Wiki ya tatu, marehemu akaanza kwenda mbali.

Kwanza ni "Bibie" iliyopotea, ikabaki "...nisikia". Halafu hiyo nayo ikawa mguno. Mama Fundi alisogeza sikio mpaka likagusa spika, akaongeza sauti, mvua ikanguruma chumba kizima, na ndani yake mtu hayupo, au yupo kama harufu ya sabuni kwenye nguo iliyovaliwa.

"Anachoka," alisema. "Wanamchosha kwa maswali. Sindano peke yake kamuuliza ufunguo wa sanduku mara nne." Kisha akamgeukia binti yake, na sauti aliyotumia ilikuwa ya mtu anayeomba, sauti ambayo mama hapaswi kuitumia kwa mwanawe. "Mwanangu, wewe si fundi? Fungua hii mashine. Isafishe, itie nguvu, inisikilizie vizuri. Jumamosi wanakuja wengi, Sindano keshawaambia. Lakini mimi simtaki kwa ajili yao. Nataka animalizie tu. Huniita, halafu simsikii anachoniitia."

"Nitaifungua, Mama."

Kesho yake asubuhi, mama alipokwenda sokoni, Fundi Mdogo aliinamisha taa, akalegeza skrubu nne za nyuma. Mara ya mwisho mashine hii kufunguliwa, aliyeifungua alikuwa mgonjwa, amekaa kitandani na mito miwili mgongoni. Baba alikuwa amemwomba bisibisi na utepe wa manjano wa kufungia nyaya. Naye akampa huku akisema, "Baba, kopo hili la nini tena? Nani anasikiliza kaseti siku hizi?" Baba akasema, "Bado lina kazi." Na yeye akacheka. Cheko hilo limemkaa kooni mpaka leo.

Kifuniko kikatoka. Harufu ya vumbi lililopikwa na umeme. Akaangalia kichwa cha kwanza, kifutio, akafuata waya wake kwa macho, na macho yakafika mahali yakakwama.

Waya ulikuwa umekatwa. Haukuwa umekatika, ulikatwa kwa koleo, sawasawa, na ncha yake imefungwa utepe wa manjano: mizunguko mitatu, na mwisho wa utepe umekunjwa kidogo ukasimama kama sikio. Hakuna fundi mwingine aliyefunga hivyo. Wengine hubandika wakaondoka. Yeye alikuwa akikunja, ili fundi atakayekuja baada yake apate pa kushika. "Muachie mwenzio sikio," alikuwa akimwambia.

Fundi Mdogo akakaa chini.

Basi kifutio kilikuwa kimelala muda wote. Mashine hii haikuwa ikifuta chochote. Kila aliyerekodi alikuwa akiandika juu ya maandishi ya zamani, na sauti ya baba ilikuwa chini yao, ya kweli, yake mwenyewe, ya siku fulani alipokuwa akijaribu mashine kama kawaida yake. Haikutoka kokote. Ilikuwa pale pale. Na kila jioni saa kumi, mama akibonyeza kitufe chekundu kumtafuta mumewe, alikuwa anammwagia tabaka moja la kelele. Halafu Sindano la kwake. Halafu Mama Mayai. Hakuchoka, mzee wa watu. Walikuwa wanamfukia.

Angeweza kuifunga mashine na kunyamaza. Mama angeendelea kuamini wiki moja, mbili, mpaka ibaki mvua tupu, na aseme mzee kaenda zake kupumzika. Si lingekuwa jambo la huruma? Akazishika skrubu nne kiganjani, akazitikisatikisa kama mtu anayetaka kurusha karata. Jumamosi ilikuwa kesho kutwa.

*

Alimkuta jikoni akichambua maharage kwenye sinia.

"Imepona?" aliuliza mama bila kuinua kichwa.

"Mama, acha maharage kwanza."

"Maharage hayanizuii kusikia. Sema."

Akasema. Alilisema lote, waya, kifutio, matabaka, hata mambo ambayo hayakuhitajika, kama afanyavyo fundi akiogopa mteja. Mama aliendelea kuchambua. Jiwe huku, harage kule. Kisha mkono ukaanza kukosea, ukatupa harage, ukaacha jiwe.

"Kwa hiyo hakuja."

"Hakuja, Mama."

"Nikamwandalia na kiti."

Fundi Mdogo akaliokota lile jiwe kwenye maharage, akalitupa.

"Si ungeniacha hivyo hivyo?" alisema mama. "Mtu wa kunidanganya ninaye mmoja tu nyumbani, na wewe ndiyo umeamua kuwa mkweli leo?"

"Ningekuacha ungemfuta, Mama. Kwa mkono wako."

Mama Fundi alisukuma sinia pembeni. Alikaa akiutazama mkono wake wa kulia, kile kidole cha kubonyezea, kana kwamba kimefumaniwa. Kisha, kwa kuwa alikuwa mke wa fundi kwa miaka thelathini na hakuishi bure, aliuliza swali ambalo binti yake, na ufundi wake wote, hakulifikiria.

"Aliukata wa nini?"

"Eh?"

"Waya. Baba yako akikata waya mzima wa mashine nzima, lazima uulize. Alikuwa hataki kufuta nini?"

Walitazamana. Mama alikuwa akirekodi kipande kilekile cha mwanzo, dakika tatu nne za kwanza, kila siku akirudisha utepe pale pale. Mbele ya hapo hapakuguswa na mtu.

Waliingia chumba cha mbele karibu wagongane mlangoni. Fundi Mdogo aliusogeza utepe mbele, akasimamisha, akaondoa kidole juu ya kitufe chekundu kama kinachoma, akabonyeza cha pembeni yake.

"Moja, mbili, tatu." Wazi. Karibu. Na kile kikohozi chake cha kabla ya neno. "Bibie, unanisikia?"

Na kutoka mbali, kutoka jikoni, katikati ya vishindo vya sufuria: "Nakusikia! Wewe mimi unanisikia nikisema chakula kinapoa?"

Mama Fundi akaziba mdomo.

Siku nyingine, juu ya ile ya kwanza, zimelaliana: "Bibie, unanisikia?" "Nakusikia, sina pamba masikioni!" Nyingine tena: "Nakusikia, lakini sikujibu!" Mzee alikuwa amerekodi juu ya rekodi kwa makusudi, siku juu ya siku, na majibu ya mkewe yalijazana kama watu kwenye foleni, kila mmoja na ukali wake. Kisha mahali fulani sauti ya mzee ikawa nyembamba, ya kitandani, na hakuita tena. Aliacha tu mashine iende. Ikasikika mwanamke akifagia. Akimfokea paka. Akiimba wimbo asioujua maneno, akijaza "nana nana" palipopungua. Dakika nzima, mbili, za mwanamke asiyejua kama anasikilizwa. Na karibu kabisa na kinasa sauti, mtu akitabasamu kwa pua, akasema polepole, wala hakuwa akiongea na mtu:

"Hapo. Hapo hapo."

Kaseti ikalia tak, ikasimama.

"Mwizi," alisema Mama Fundi. Machozi yalikuwa yakimtiririka hayafuti. "Mwizi mkubwa. Nilikuwa nadhani amelala."

Fundi Mdogo aliitoa kaseti. Kwenye ukingo wake wa juu palikuwa na vijino viwili vya plastiki; ukivivunja, hakuna mashine itakayokubali kurekodi juu yake. Akachukua bisibisi nyembamba, akampa mama yake.

"Vunja wewe."

Vilivunjika kwa mlio mdogo kama wa mbegu mdomoni.

*

Jumamosi wanawake walijaa mpaka kizingitini. Mama Fundi aliwasimamia mbele kama mwenye duka lililoishiwa bidhaa, akawaeleza. Hakumficha mtu, wala hakumcheka mtu, na hilo la pili kwa mtu kama yeye halikuwa dogo.

"Kwa hiyo wangu hakufa?" aliuliza Mama Mayai.

"Hatujui, jirani. Humu hayumo."

Mama Mayai alikifungua kitambaa cheusi, akakikunja mara nne. "Yule mbwa," alisema. "Nimemlilia siku tisa. Nani atanirudishia machozi yangu?" Akatoka na ndoo yake, na kule nje walimsikia akitangaza mayai kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia mwaka mzima.

Wengine wakaondoka wakinong'ona. Sindano peke yake hakuinuka. Alikuwa akijizungusha pete kidoleni, bila neno, na Sindano bila neno ni kama cherehani bila uzi, mtu hajui aiguse wapi.

"Shoga," alisema Mama Fundi akikaa karibu naye. "Nisamehe. Nilikuacha ulie juu ya wangu."

"Hakuwahi kuniita Bibie," alisema Sindano. "Hata chumbani."

"Najua."

"Ulijua?"

"Kuta zetu ni za kuazimana, mwenzangu."

Sindano alicheka na kulia kwa pamoja. Fundi Mdogo alisubiri amalize, kisha akauliza, "Simu ya mzee wako, ile aliyokuwa nayo, mliitupa?"

"Ipo kwenye droo ya vifungo. Ilikufa kabla yake."

"Niletee. Watu huacha vitu kwenye simu. Siahidi. Lakini niletee."

Akaenda mbio, na viatu akavisahau.

*

Mwalimu wa hesabu alirudi wiki iliyofuata. Alikuwa ameipeleka simu kwa mafundi wawili mjini, na sasa ilikuwa haipeleki sauti wala haileti. Aliuliza kwanza, akiwa nje, kama msongamano umepungua. Akaambiwa umehama. Akaiacha.

Fundi Mdogo aliitengeneza mchana huohuo. Alipokwisha, akawasha kinasa sauti cha ile simu, akasema bila kufikiri, kwa mdomo uliofundishwa tangu utotoni: "Moja, mbili, tatu. Mama, unanisikia?" Halafu mteja mwingine akaingia, na mwingine, na jioni mwalimu akaichukua simu yake akaenda.

Asubuhi alikuwa mlangoni, kijasho kwenye pua.

"Fundi," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi si mtu wa kuamini mambo haya. Lakini humu ndani kuna mwanamke."

"Mwanamke gani?"

Mwalimu alibonyeza, akainyoosha simu mbali na mwili wake. Ikatoka sauti ya mbali, ya jikoni, juu ya mlio wa mfuniko wa sufuria:

"Nakusikia! Sijafa mimi, punguza kelele!"

Kutoka jikoni yenyewe, mtu mwenye sauti ileile akaangua kicheko mpaka akapaliwa. Mwalimu akaruka hatua nzima nyuma.

"Nimeshindwa kulala," alisema. "Naifuta sasa hivi."

"Usifute!" Fundi Mdogo aliinuka ghafla, stuli ikaanguka nyuma yake. Alikuwa ameshamshika mwalimu mkono. "Mwalimu, tafadhali. Usifute. Nitumie mimi kwanza."